Tabibu wa Mengo na Wanafunzi Wake



Hapa Daraja Mbili, kama ilivyo katika mitaa mingine ya Arusha, kijana akipata nafasi ya kusomea udaktari habari hiyo haikai ndani ya nyumba moja. Kabla ya jua kuchwa imekwisha fika dukani, sokoni na msikitini, na kuanzia jioni hiyo kijana yule haitwi tena kwa jina alilopewa na wazazi wake, anaitwa Daktari. Bado hajafungua kitabu hata kimoja cha tiba. Lakini mama jirani anamletea mtoto mwenye homa ili amtazame, na mzee mmoja anapandisha suruali amwonyeshe mguu uliovimba. Naye kijana, kwa kuona haya au kwa kuona fahari, anaukubali wito ule, na pengine anathubutu hata kutaja dawa.

Mimi mwandishi nayafahamu majaribu hayo kwa njia nyingine. Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha dini ng'ambo, barua za nyumbani zilianza kunifikia zikiwa zimeandikwa Sheikh juu ya bahasha, hali mimi nilikuwa ningali napambana na sarufi ya Kiarabu. Jina lilitangulia, elimu ikabaki nyuma inahema. Tofauti ni kwamba sheikh asiyejua anaweza kunyamaza, au kuomba muda akatazame vitabu; lakini tabibu asiyejua na asemaye kuwa anajua, huacha kaburi nyuma yake.

Basi yatupasa kuuliza: mwanafunzi wa tiba hugeuka kuwa tabibu wakati gani? Je, ni siku anapovaa koti jeupe? Ni siku anapokabidhiwa cheti mbele ya wazee wake? Au liko jambo jingine ambalo hukua ndani ya mtu polepole, kama mti ukuavyo, wala halionekani katika picha ya mahafali? Ili kulijibu swali hili nimeona nikusimulie maisha ya mtu mmoja aliyejulikana sana katika Afrika Mashariki, ambaye alikuwa mwanafunzi wa tiba kwanza na mwalimu wa wanafunzi wa tiba baadaye. Mtu huyo ni Daktari Albert Ruskin Cook wa hospitali ya Mengo, Uganda.

KWA NINI TUMSIMULIE MTU HUYU

Huenda ukastaajabu, ndugu msomaji, kuona jarida la Waislamu likieleza maisha ya mmisionari wa Kikristo. Hatukubaliani naye katika itikadi, wala hatuna haja ya kulificha jambo hilo. Lakini dini yetu imetuamuru tuwe waadilifu hata kwa wale tunaohitilafiana nao, na elimu yenye manufaa hupokewa popote inapopatikana. Waislamu wa zamani waliposoma vitabu vya matabibu wa Kiyunani hawakuuliza kwanza waandishi wake waliabudu nini. Walipima yaliyosemwa, wakashika lililo kweli na kusahihisha lililokosewa. Nasi tutamtendea Cook vivyo hivyo: tutayataja mema yake kwa ukamilifu, na kosa lake pia tutalitaja, kwa maana kosa la mtu mkubwa lina mafunzo mengi kwa wadogo.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Albert Cook alizaliwa tarehe 22 Machi 1870 huko Hampstead, katika jiji la London. Baba yake alikuwa daktari, hivyo kazi ya kutibu haikuwa jambo geni kwake. Alipokua aliingia Trinity College katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na kutoka huko akaenda kujifunza kazi yenyewe katika hospitali ya St Bartholomew's mjini London, mojawapo ya hospitali za kale kabisa za Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1123. Alihitimu udaktari mwaka 1895, akiwa kijana wa miaka 25.

Nataka utazame jinsi mwanafunzi alivyolelewa katika hospitali za Uingereza zama zile, maana hapo ndipo penye mzizi wa habari yetu. Mwanafunzi hakuachwa akae darasani mpaka mwisho kisha aletewe wagonjwa. Aliingizwa wodini mapema na kupewa kazi mbili. Kwa muda fulani alikuwa mwandishi wa wagonjwa: alipewa vitanda vyake, na kwa kila mgonjwa ilimpasa aulize ugonjwa umeanza lini na umeanzaje, ampime, kisha aandike yote hayo, na siku ya pili asimame mbele ya daktari mkuu na wanafunzi wenzake ayasome aliyoyaandika. Kwa muda mwingine alikuwa mfunga vidonda: aliosha, alifunga, alishika taa na vyombo wakati wa upasuaji. Ama kazi hii ya pili ndiyo iliyoleta katika lugha yetu neno dresa, ambalo wazee wetu wanalikumbuka vema kutoka zahanati za zamani. Liweke neno hili akilini, ndugu msomaji, kwani tutalirudia.

Utaratibu huu wa kufundisha kando ya kitanda haukuwa mgeni ulimwenguni. Karne nyingi kabla ya hapo, Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi alikuwa akiwaketisha wanafunzi wake kwa safu mbele ya wagonjwa. Mgonjwa aliulizwa kwanza na wanafunzi. Waliposhindwa, waliendelea wale waliowazidi kwa ujuzi, na mwalimu mwenyewe alisema mwisho. Hekima yake ni moja katika zama zote: tabibu hulelewa na wagonjwa kabla hajawalea yeye.

SAFARI YA KUJA AFRIKA

Mwaka 1896 Cook alijiunga na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, akapangiwa kwenda Uganda. Wakati huo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa. Yeye na wenzake walifunga safari ya zaidi ya kilomita 1,000, wengi wao kwa miguu, wakafika Mengo, mji mkuu wa Kabaka, mwezi wa Februari 1897. Katika msafara ule alikuwamo muuguzi aitwaye Katharine Timpson, ambaye Cook alimwoa mwaka 1900, na ambaye kwa haki hastahili kutajwa kama mke wa daktari tu, bali kama nusu ya kazi yote tunayoieleza.

Hawakukuta jengo. Walianza kwa kutoa dawa katika kibanda juu ya kilima cha Namirembe, na miezi michache baadaye wakafungua hospitali ya miti, matete na nyasi yenye vitanda vichache. Daktari kijana, aliyezoea kuwa na wakubwa wa kuwauliza katika hospitali ya karne nyingi, sasa hakuwa na mtu wa kumwuliza. Mwaka ule ule Kabaka Mwanga aliasi dhidi ya Waingereza, na mwezi wa Oktoba askari wa Kisudani waliokuwa katika jeshi la Waingereza nao wakaasi. Cook alikwenda Busoga kutibu majeruhi, na mwezi wa Desemba akashuhudia msiba wa mmisionari mwenzake, George Pilkington, bingwa wa lugha ya Kiganda, aliyeuawa katika vita vile.

Hebu fikiri. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo cheti chake kilikuwa bado kipya. Lakini cheti hakiwezi kumwambia mtu afanye nini akiwa peke yake katikati ya majeruhi. Hapo mtu hurudia yale aliyoyazoea mikono yake. Na jambo ambalo Cook alikuwa amelizoea kuliko yote, tokea siku za uanafunzi, lilikuwa kumwuliza mgonjwa, kumpima, na kuandika.

DAFTARI LA MENGO

Tokea mwaka 1897 Cook aliandika habari za wagonjwa wake. Hakuwa na mkubwa wa kumkagua, hakuna aliyemtaka hesabu, na watu walikuwa wakimngoja kwa wingi mlangoni. Lau angaliacha kuandika hakuna ambaye angalimlaumu. Lakini aliendelea kama vile yule daktari mkuu wa London angepita asubuhi na kumtaka asome mbele ya wenzake. Huyu ndiye mtu ambaye kazi yake imekwisha kuwa tabia yake: afanya peke yake yale aliyoyafanya akisimamiwa.

Mwaka 1899 alikuja kumsaidia ndugu yake, Daktari Jack Cook. Mwaka 1901 ndugu hawa wawili waliona Mengo wagonjwa wenye usingizi usio wa kawaida, waliokonda na kuzubaa mpaka wakafa. Wakatambua kuwa huu ni ugonjwa wa malale, ambao haukuwa umejulikana Uganda kabla ya hapo. Wataalamu waliotumwa kutoka Uingereza walikuja baadaye, na mwaka 1903 ikathibitika kuwa ugonjwa huo huletwa na kijidudu kinachochukuliwa na mbung'o. Katika miaka michache ugonjwa ule uliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria.

Hawakuwa na dawa ya kuuponya. Na hili nalo ni somo ambalo kijana wa tiba hulipata mapema na kwa uchungu. Wengi huingia katika kazi hii wakidhani kuwa tabibu ni mtu aponyaye. Siku ya kwanza anapokufa mgonjwa mikononi mwake, dhana hiyo huvunjika. Wapo ambao moyo wao huwa mgumu tokea siku hiyo, wakaanza kumwita mgonjwa kwa namba ya kitanda. Wapo wanaokata tamaa wakaiacha kazi. Na wapo ambao hujifunza kuwa kuponya ni kwa Mwenyezi Mungu, bali kazi ya tabibu ni kuwapo, kutazama kwa makini, kupunguza maumivu, na kusema kweli.

Mwezi wa Novemba 1902 radi iliipiga hospitali ya Mengo, ikateketea kwa moto. Ilijengwa upya, safari hii kwa matofali, na kufunguliwa mwaka 1904. Kazi ya kuandika haikukoma. Cook alichapisha mwaka 1903 kitabu cha maneno na sentensi za tiba katika Kiingereza na Kiganda, kwa maana alitambua kuwa daktari asiyeijua lugha ya mgonjwa ni kama mwenye macho aliyefunga dirisha. Nakuomba ndugu msomaji uliangalie jambo hili na hospitali zetu. Ni mara ngapi bibi aliyeteremka kutoka miteremko ya Meru, asiyejua ila Kimeru au Kimaasai, huelezewa ugonjwa wake kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza, akaitikia kwa adabu, akaenda zake bila kufahamu neno?

WANAFUNZI WA MENGO

Vita vya Kwanza vya Dunia vililetwa mpaka katika ardhi yetu. Waingereza na Wajerumani walipigana katika Tanganyika, na Moshi na Arusha zilitwaliwa na Waingereza mwezi wa Machi 1916. Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi. Ikaonekana wazi kuwa madaktari wachache wa Kizungu hawatoshi, na vijana wa Uganda waliosoma katika shule za misheni waliingizwa katika kikosi cha tiba, wakafanya kazi iliyowashangaza wakubwa wao.

Mwaka 1917 Cook alifungua Mengo shule ya kufundisha vijana wa Kiafrika kazi ya tiba. Katika miaka ile ile yeye na Bibi Katharine walianzisha chuo cha wakunga, kilichopewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana. Wasichana walifundishwa, wakapewa vyeti, wakapelekwa katika vituo vya mashamba kuzalisha akina mama. Cook aliwatungia kitabu cha ukunga kwa lugha yao ya Kiganda. Kumbuka kuwa tangu zamani ukunga ulikuwa kazi ya wanawake wazee waliokwisha zaa. Sasa msichana mwenye vazi jeupe alikuja kijijini na kuwaambia mama zake namna ya kuzaa. Hapana shaka ilimpasa ajifunze mambo mawili kwa pamoja: ujuzi wa mikono, na adabu ya kusema na watu waliomzidi umri. Mwenye ujuzi bila ya adabu ile hakuitwa mara ya pili.

Sasa tulirudie lile neno dresa. Kule London mfunga vidonda alikuwa mwanafunzi aliyemo njiani. Kila mtu, na yeye mwenyewe, alijua kuwa baada ya miaka michache atakuwa daktari kamili. Hapa Afrika Mashariki jina lile lile likawa mwisho wa njia. Kijana wa Kiafrika alifundishwa ili awe msaidizi, akabaki msaidizi mpaka nywele zikawa nyeupe, ijapokuwa mara nyingi ndiye aliyewaonyesha kazi madaktari vijana waliotoka ng'ambo. Waliomwita kwa jina hilo walimwonyesha pia alipotakiwa kusimama.

Mwaka 1924 ilianza shule ya tiba ya serikali katika hospitali ya Mulago, ambayo ikawa sehemu ya Chuo cha Makerere. Hapo wamesoma vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Walisoma kwa miaka mingi, wakafanya kazi zile zile wodini, lakini kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa wasaidizi, na mishahara yao ilikuwa chini ya ile ya Wazungu. Ilipita zaidi ya miaka 30 ndipo Baraza la Udaktari la Uingereza likatambua stashahada ya Makerere. Watu hawa walikuwa madaktari kwa kazi kabla hawajakuwa madaktari kwa jina. Mitihani yao ilikuwa kinyume cha ile ya kijana wetu wa Daraja Mbili: huyu amepewa jina kabla ya kazi, nao walifanya kazi huku wakinyimwa jina. Na pale Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa 12 tu. Wengi wao walipita katika njia hiyo nyembamba.

KOSA LA TABIBU MKUBWA

Nilikuahidi, ndugu msomaji, kuwa sitaficha kosa. Mwaka 1908 serikali ya Uingereza ilipokea taarifa ya Kanali Lambkin, daktari wa jeshi, iliyosema kuwa kaswende imeenea Uganda kwa kiasi cha kutisha. Cook naye aliamini na kuandika kuwa zaidi ya nusu ya Waganda wana ugonjwa huo. Watu wakapimwa kwa mizani ya aibu. Taifa zima likaonekana kama kwamba limeoza kwa zinaa. Mnamo miaka ya 1920 Cook alizunguka akihutubia watu juu ya usafi wa maadili.

Wachunguzi waliokuja baadaye wamelitazama jambo hilo upya. Wamesema kwamba sehemu kubwa ya yale yaliyoitwa kaswende yalikuwa maradhi mengine yanayofanana nayo, na hasa buba. Buba haina uhusiano na zinaa. Huwapata zaidi watoto wadogo, kwa kugusana ngozi, na vijidudu vyake ni jamaa wa karibu mno wa vile vya kaswende, hata vipimo vya kawaida vya damu haviwezi kuyatofautisha maradhi haya mawili. Basi mtoto asiye na dhambi aliyechezea vumbi na wenzake aliweza kuhesabiwa kuwa ushahidi wa uovu wa wazazi wake.

Kwa nini mtu mwangalifu kama huyu alikosea? Kwa sehemu ni kwa upungufu wa elimu ya zama zake, na hilo tumsamehe. Lakini ipo sababu nyingine. Ndani ya Cook waliishi watu wawili, tabibu na mhubiri. Siku nyingi walisaidiana: mhubiri alimpa tabibu uvumilivu na huruma. Lakini katika jambo hili mhubiri alitangulia kuingia wodini, akamwambia tabibu aone nini kabla tabibu hajaangalia. Mbele ya upele juu ya ngozi aliona dhambi, kwa sababu alikuja akiitafuta dhambi. Karne nyingi nyuma, ar-Razi alipata sifa kwa kutofautisha ndui na surua, maradhi mawili ambayo watu waliyachanganya. Naye aliweza kwa kuwa aliutazama ugonjwa wenyewe, siku kwa siku, ulivyoanza na ulivyokwisha.

Tusiseme haya kwa kuwacheka Wakristo. Sisi watu wa dini, wa kila dini, tumo katika hatari ile ile. Daktari Mwislamu akimwona binti asiyeolewa aliye mgonjwa tumboni, na ulimi wake ukatangulia kuhukumu kabla ya mikono yake kupima, amefanya kosa lile lile la Mengo. Mbele ya kitanda, uchaji Mungu wa tabibu ni kuangalia vizuri.

Na tazama hekima ya Mwenyezi Mungu, ambaye huweza kutoa jema katika kosa la mja. Hofu ile juu ya kaswende na vifo vya watoto wachanga ndiyo mojawapo ya sababu zilizoleta chuo cha wakunga, na mikono ya wakunga wale ilipokea watoto ambao bila wao pengine wasingaliishi.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Cook alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1932. Alistaafu mwaka 1934, lakini hakurudi kwao; alibaki Uganda. Bibi Katharine alifariki mwaka 1938. Mwaka 1945 Cook alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake za Uganda. Alifariki mwezi wa Aprili 1951, akiwa na umri wa miaka 81, akazikwa Namirembe, kwenye kilima kile kile alichofungulia kibanda chake cha kwanza.

Lakini madaftari yake hayakufa. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt wa Mulago alitoa habari za uvimbe wa taya unaowaua watoto wa Afrika, ambao ni aina ya saratani, na unaoitwa kwa jina lake mpaka leo. Watu wakauliza: je, huu ni ugonjwa mpya, au ulikuwapo tangu zamani? Wataalamu wa Kampala wakazipekua kumbukumbu za Mengo za kuanzia mwaka 1897 hadi 1956, na mwaka 1964 wakatoa matokeo yao. Humo walikutwa watoto wenye uvimbe wa taya, walioandikwa na Cook miaka mingi kabla Burkitt hajafika Afrika. Cook hakujua ni ugonjwa gani. Hakujifanya anajua. Aliandika alichokiona, akawaachia watakaokuja.

Hapo pana jambo la kutafakari. Pale Cook aliposema zaidi ya alivyoona, ilibidi waliokuja wamsahihishe. Pale alipoandika aliyoyaona tu, asijue maana yake, aliwafaa watu ambao walikuwa bado hawajazaliwa.

FUNZO KWETU

Leo, alhamdulillah, vijana wetu hawahitaji kwenda Makerere. Shule ya tiba ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, ikakua na kuwa chuo kikuu kamili cha Muhimbili. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na baada yake vimeongezeka vyuo vingine. Njia iliyokuwa nyembamba imepanuka. Kwa sababu hiyo hiyo swali letu limekuwa kubwa zaidi, kwani wengi wanaingia, na si wote wanaojua wanaingia wapi.

Kwako wewe kijana uliyeitwa Daktari kabla ya wakati wake nina maneno machache. Mama jirani akikuletea mtoto mwenye homa, usione haya kumwambia kuwa wewe bado ni mwanafunzi. Mshike mkono, mwendee naye zahanati, kaa naye katika foleni. Utakuwa umemfaa kuliko kumtajia dawa, na utakuwa umelipa jina lile malipo yake ya kwanza. Ukiwa chuoni, andika kila mgonjwa kana kwamba mwalimu wako atasoma, na siku ambayo hakuna atakayesoma, andika vile vile. Usipojua, sema hujui, kisha uliza. Wala usimdharau muuguzi wala mganga msaidizi aliyekaa wodini miaka 30. Wazee wake waliibeba tiba ya nchi hii walipokuwa wamenyimwa hata jina.

Nanyi wazazi na majirani wa Daraja Mbili, furaha yenu ni halali. Lakini mjaribu kumpa kijana wenu muda. Msimsukume aseme anayajua asiyoyajua kwa kuogopa kuwavunjia heshima. Akirudi likizo, badala ya kumwuliza dawa, mwulizeni amejifunza nini kwa wagonjwa wake. Siku atakapowasimulia juu ya mgonjwa mmoja aliyemshinda, na sauti yake ikabadilika, hapo mjue kuwa safari imeanza.

Nakumbuka zile bahasha zangu zilizoandikwa Sheikh. Sikuzitupa. Nilizihifadhi, na kila nilipoziona nilihisi kama mtu mwenye deni. Jina walilonipa watu wa nyumbani lilikuwa mkopo, na mkopo wa namna hiyo mtu huulipa kidogo kidogo kwa maisha yake yote. Mwenyezi Mungu awawezeshe vijana wetu wa tiba kulilipa lao, awape macho yaonayo kabla ya ulimi kunena, na awaponye wagonjwa wetu kwa mikono yao. Amin.